Chumba Ambacho Ombui Hakukifukiza

Mtu aliyeingia vyumba vingi vya kulala mjini Kisii kuliko daktari na mchungaji wakiwekwa pamoja ni Ombui wa Kiogoro, na tafadhali msianze kumfikiria vibaya. Huingia na mashine ya moshi. Mwenye nyumba humfungulia mlango wa nyuma, humwonyesha kitanda kwa kidole huku uso ameugeuzia ukutani, kisha hutoka mbio kwenda kukaa mahali ambapo watu watamwona, ili baadaye aseme hakuwepo. Ombui hufunga madirisha, huziba nyufa kwa magazeti, husimamisha godoro, huvaa barakoa yake yenye mashavu mawili, na kuwasha. Moshi mweupe mzito hujaa chumba mpaka ukuta hauonekani. Kunguni, mende, viroboto, wote hupata haki yao.

Ni kazi halali na yenye faida kwa jamii, lakini ina mkosi mmoja: hakuna anayetaka kumjua mwenye kuifanya. Kunguni kuuma si shida kubwa. Mtu ataumwa, atajikuna, na asubuhi ataenda kazini. Shida ya kunguni ni jirani. Jirani akijua una kunguni, utaona anavyokupa mkono kwa ncha za vidole, na harusini utaona kiti kilicho karibu nawe kinakaa wazi mpaka keki inakatwa. Kwa hiyo wateja wa Ombui hupiga simu wakinong'ona.

"Halo, fundi? Kuna rafiki yangu ana shida ya wale wadudu."

"Rafiki yako anaishi wapi?"

"Anaishi... yaani, tunaishi naye."

Ili kuwaondolea watu aibu, Ombui alibuni njia yake. Mashine aliitia ndani ya gunia, akachomeka juu yake antena kuukuu ya televisheni, na popote alipokwenda alikuwa fundi wa antena. Mitaa mizima ilishangaa jinsi televisheni za watu zinavyoharibika kila msimu wa joto. Na akikutana na mteja wake sokoni, mteja alitazama juu kana kwamba anatafuta mvua. Mtu pekee aliyemsalimia kwa sauti alikuwa Benter, mama wa kutoka upande wa ziwani aliyeuza samaki pale Daraja Mbili. "Fundi wa kunguni!" alimwita siku moja katikati ya soko, samaki mkononi. "Wale wangu wamekufa wote! Mungu akubariki!" Wanunuzi wawili walirudisha samaki wao mezani na kuondoka. Ombui alitamani ardhi impasukie, lakini siku hiyo alirudi nyumbani akiimba.

Sasa mtu wa namna hiyo anaoa vipi? Umri ulikuwa umesogea. Mama yake alikuwa ameacha hata kuomba, amebaki kuguna tu. Wasichana walimpenda Ombui mpaka pale walipouliza anafanya kazi gani, na alipowaambia, walianza kujikuna hapo hapo.

Halafu akampata Nyakerario. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa za mifugo na mimea pale Nyamache, na Ombui alikwenda kununua dawa yake. Msichana alisoma kibandiko, akamtazama juu mpaka chini, akauliza bila kupepesa macho, "Kunguni au mende?"

"Kunguni," akasema Ombui, na moyo wake ukaruka.

"Basi usichukue hii, hawa wa siku hizi wameizoea. Chukua ile."

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, na anayetaka maua na mashairi aende akasome kwingine. Ombui akaanza kununua dawa nyingi kuliko kunguni waliokuwepo wilaya nzima. Mwishowe Nyakerario akamwambia, "Wewe, hii dawa utaiweka wapi? Sema unachotaka kusema." Akasema. Msichana akacheka, akakubali, kisha akashusha sauti: baba yake ndiye kizingiti.

Baba yake, Mzee Osoro wa Nyacheki, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu aliyelima majani chai maisha yake yote bila kuonja chai hata tone, kwa sababu ya imani. Boma lake lilisifika kwa usafi. Kila makambi ya Agosti, ile mikutano mikubwa ya kanisa, yalipokaribia, wahubiri wageni walipangiwa kulala kwake, na mwaka huo pia walikuwa wamepangiwa. Nyakerario alikuwa amemwambia baba yake kwamba mchumba ana biashara mjini. Biashara gani, mzee hakuuliza, na msichana hakuona haja ya kumchosha.

"Njoo Jumapili na mtu wako wa kukusemea," Nyakerario akamwambia Ombui. "Vaa suti. Lile gunia lako nisilione hata kwa mbali."

Jumapili ikafika. Ombui alivaa suti ya kijivu aliyoifua mara tatu na bado ikanukia kazi kidogo chini ya kwapa. Msemaji wake, yule ambaye Abagusii humwita esigani, alikuwa baba yake mdogo, Ogoti, mzee mnene mwenye sauti nzuri ya kuombea watu mema. Walibeba mikate, sukari, mafuta ya kupikia na kreti la soda, wakapanda njia ya katikati ya majani chai wakitweta.

Nje ya lango la Osoro, mwanamke mmoja alikuwa anaanika mahindi. Ombui alipomwona, miguu ilitaka kurudi yenyewe. Alikuwa Mama Job, shemasi wa kanisa na jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwezi wa nne Ombui alikuwa amemfukizia nyumba yake vyumba vyote, na jikoni kwa nyongeza.

Mama Job naye akamwona. Akaangalia suti. Akaangalia mzigo. Akaangalia lango la Osoro likifunguliwa na Ombui akiingia. Mahindi yakamwagika.

Hebu fikirieni taabu ya huyo mama. Amepata habari tamu kuliko zote za mwaka, kwamba nyumba ya mzee wa kanisa ina kunguni, na hawezi kusema ameijuaje! Alivumilia kwa muda ambao ugali huchukua kuiva. Baada ya hapo alivuka barabara na kumwambia wa kwanza aliyemkuta kwamba amesikia, yeye hajui, amesikia tu kwa watu, kuwa yule mwanamume wa suti ni fundi wa kunguni kutoka mjini.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Makochi yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, na viti vya plastiki vya chama cha akina mama vilikuwa vimeazimwa na kupangwa mpaka mlangoni. Mzee Osoro alikaa kwenye kiti chake cha mbao. Mkewe, Mama Nyanchama, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopitwa na kitu, aliketi pembeni karibu na mlango wa jikoni. Kulikuwa na kuku, ugali wa wimbi, na mchaichai wa moto badala ya chai. Ogoti alisimama na kuanza kusema, akaanzia kwa Mungu aliyeumba Adamu, ili asiharakishe.

Ogoti alikuwa bado Edeni Ombui alipomwona kunguni. Ni mmoja tu, lakini mnene, mwenye afya, anapanda polepole ukosi wa koti la Ogoti akielekea shingoni.

Lo! Afanyeje Ombui? Akinyamaza, baba mdogo atajikuna mbele ya wakwe, na kila mtu atajua. Akisema, amemtukana mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Akatazama kitambaa cha kochi, na kwa jicho la kazi yake akaona vile vidoa vidogo vyeusi kwenye mshono. Si mmoja hawa. Hawa ni ukoo mzima, na shina lao liko chumbani, kwenye kitanda. Akainuka nusu, akampangusa Ogoti ukosini kwa upole kama mtoto mwema anayemtoa mzee vumbi, akafunga ngumi, akakaa. Alipoinua macho, Mama Nyanchama alikuwa anaitazama ile ngumi.

Mama alijua kwamba Ombui anajua, na Ombui akajua kwamba mama alikuwa anajua siku nyingi.

Wakati huo huo mlango ukabishwa. Alikuwa Mama Job.

"Samahani jamani, Mungu awabariki. Nimekuja kuchukua viti vya chama. Nimepata wageni wa ghafla."

Alichukua vitatu, akavikung'uta nje ya mlango, puu, puu, akavigeuza na kuvichungulia chini. Hajafika langoni, mwingine akaja kwa ajili ya vikombe vyake. Wa tatu alitaka sufuria, ikiwa na ugali au bila ugali. Watoto wa jirani waliokuwa wanacheza uani waliitwa kwa majina yao matatu matatu. Na pale uani wanawake walikuwa wamesimama, mikono kifuani, kama watu wanaotazama jengo linalobomolewa.

"Kuna nini?" Osoro akauliza. Akatoka hadi barazani. "Mama Job, kuna nini?"

"Mzee, mimi sisemi kitu. Watu ndio wanasema ati huyo mgeni wako hufukiza kunguni."

Osoro akageuka. "Ni kweli?"

Ombui alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. Angeweza kudanganya, maana maisha yake yote ya kazi yalikuwa uongo wa antena. Lakini Nyakerario alikuwa amesimama jikoni na sinia mkononi, akimtazama. Akajibu kwa sauti ya chini isiyofika uani.

"Ni kweli, mzee. Ndiyo kazi yangu. Lakini leo nimekuja kwa ajili ya binti yako."

"Nani ataamini?" Sauti ya Osoro ilipasuka. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira na aibu. "Wahubiri wanakuja kulala hapa! Miaka yote nimejenga jina la hii nyumba, wewe umelibomoa kwa kupita langoni tu! Chukua mkate wako uende."

Ombui akainama kuchukua kofia yake. Aliumia, na tusifiche: aliumia kuliko siku zote wasichana walipojikuna mbele yake, kwa sababu safari hii alikuwa amekwisha kuona nyumba yake na Nyakerario, mpaka rangi ya mlango.

"Hapana, Baba Nyakerario," Mama Nyanchama akasema, akasimama katikati ya mlango na kuujaza, mfupi hivyo hivyo. "Akitoka hapa sasa hivi, watasema amemaliza kazi anaenda. Tutakuwa watu wa kunguni mpaka kaburini." Akawageukia walio uani. "Na wewe Mama Job, hebu tuambie. Huyu mtu umemjulia wapi?"

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Job. Mwanamke akakiinua kiti cha plastiki kifuani kama ngao.

Hapo Ombui alikuwa amempata adui yake mkononi. Neno moja tu, na kunguni wote wa Nyacheki wangehamia jina la Mama Job, na jina la Osoro lingebaki salama. Ogoti alikuwa anamkonyeza: sema, mjinga, sema!

"Nilimtengenezea antena ya televisheni," Ombui akasema. "Mwezi wa nne. Ilikuwa haishiki stesheni."

"Ehe! Antena!" Mama Job akadaka, machozi ya shukrani yakimlengalenga. "Ni fundi wa antena huyu, na fundi mzuri! Jamani, nani alileta hii habari ya kunguni? Watu wana midomo!" Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudisha viti ndani.

Mama Nyanchama hakungoja hata pumzi moja. Alipiga kigelegele kilichowatoa ndege kwenye migomba. "Basi wote mjue! Huyu amekuja kumposa Nyakerario, na sisi tumempokea! Ni omoko wetu, mkwe wa nyumba hii! Ingieni mle!"

Waliingia, wakala, wakaimba. Ila Osoro alikaa kwenye kiti chake cha mbao bila kutabasamu, na wageni walipokuwa wanaaga alisema neno moja tu. "Mama yenu amesema. Mimi sijasema." Akampa Ogoti mkono, na kumpungia Ombui kwa mbali tu.

Kwa hiyo mambo yalibaki yakining'inia. Nyakerario alikuwa anasuuza vikombe jikoni mama yake alipoingia, akafunga mlango na kumshika mkono.

"Haraka sasa. Mwambie mtu wako aje na ile mashine kabla wahubiri hawajafika. Wako kwenye kitanda changu. Wamejaa mpaka kwenye mbao. Sijalala tangu mavuno."

Nyakerario aliacha kusuuza. "Mama. Umemwita omoko mbele ya kijiji kizima."

"Ndiyo. Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ataingiaje chumba chako cha kulala?"

Mama Nyanchama akaweka mikono kichwani, akakaa juu ya gunia la mahindi. Hakuna Mgusii asiyelijua hilo. Kuna chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake, kati ya mkwe na wazazi wa mkewe. Mkwe hachungulii chumba chao, hatazami kitanda chao, hata blanketi lao likianikwa njiani hupita kando. Fundi yeyote wa mjini angeweza kuingia. Huyu mmoja, aliye mzuri kuliko wote, ndiye ambaye mama alikuwa amemfungia mlango kwa kigelegele chake mwenyewe. Na kumwita fundi mwingine ni kuanza upya habari za uani.

"Nitaingia mimi," akasema, akiinuka kwenye gunia. "Mwambie alete mashine anifundishe."

Siku ya kazi Osoro, ambaye mkewe alikuwa amekwisha kumfunulia godoro akaona mwenyewe, aliwaambia majirani kwamba anapaka dari dawa ya mchwa. Ombui alileta gunia, akaliacha barazani, akaenda kusimama mbali, katikati ya majani chai, nyumba ameipa mgongo. Osoro alikwenda kusimama naye ili kuhakikisha hageuki. Ovaroli ya Ombui nayo haikuvalika, maana mama mkwe atavaaje suruali ya mkwe? Kwa hiyo Mama Nyanchama aliingia chumbani na koti la mvua la mumewe, mabuti ya shambani, kitambaa cha kanisa kichwani na ile barakoa ya mashavu mawili. Nyakerario, amejifunga kitambaa puani, alisimama nje chini ya dirisha, na kazi yake ilikuwa kupokeza maneno.

"Mwambie asimamishe godoro!" Ombui akapaza sauti akiyaangalia majani chai.

"Anasema usimamishe godoro!"

"Limesimama!" ikatoka sauti nzito ya ndani ya barakoa.

"Anasema limesimama!"

"Aanzie pembeni, arudi nyuma kuelekea mlangoni!"

Mashine ikanguruma. Moshi ukaanza kuvuja chini ya mapaa ya mabati, mweupe, mzito, na Ombui akaunusa na kujua, bila kuona, kwamba kipimo ni sawa. Osoro alikuwa amekunja mikono. Walizungumza bei ya majani, kisha mvua, kisha bei ya majani tena.

Ghafla mashine ikakohoa, ikakata. Kimya. Halafu kishindo cha kitu kilichoanguka.

"Mama?" Nyakerario akaita. "Mama! Mbona hajibu?"

Ombui hakufikiri. Miaka yote ya kazi ilimgeuza yenyewe. Mtu yumo ndani ya moshi, mashine imezimika, anaingia. Aliruka mstari wa kwanza wa majani, wa pili, na alikuwa karibu kufika uani pale koti lake lilipovutwa kwa nyuma kwa nguvu hata vifungo viwili vikaruka.

"Wewe!" Osoro alikuwa anahema, kandambili moja imebaki shambani. "Unaenda wapi? Mkwe wangu haingii mle!"

Ombui alisimama kama aliyepigwa na umeme. "Umesema nini, mzee?"

"Nimesema mkwe wangu haingii..." Hapo Osoro akasikia mwenyewe alichokisema. Akashusha pumzi, lakini koti hakuliachia. "Mama yake ni mzima, ni godoro limeanguka. Ningesikia kelele. Simama hapa."

Na kweli, kutoka ndani, sauti ya barakoa ikatoka kwa hasira: "Mwambieni huyo fundi mashine yake ni mbovu!"

"Anasema..."

"Nimesikia!" Ombui akaitikia, na alikuwa anacheka, machozi yakimtoka waziwazi bila kuona haya. Vyumba vyote vya Kisii alikuwa ameingia, vya matajiri na vya wapangaji, na watu walimfungulia kwa sababu hakuwa mtu wao. Hiki kilikuwa cha kwanza alichokatazwa. "Apampu tena mara kadhaa, halafu abonyeze swichi! Asiharakishe!"

Mashine ikawaka. Ndani, Mama Nyanchama akaanza kuimba wimbo wa makambi, na ikaonekana wazi kwamba hana haraka ya kutoka. Akamaliza chumba, akahamia sebuleni, na kwa sauti ya mabuti yake walimsikia anaelekea stoo.

"Akitoka hapo atafukiza na kuku," Osoro akasema.

"Kuku hapana, mzee. Dawa ni kali kwao."

"Basi nenda umwambie." Kisha akakumbuka, akamshika bega na kumzungusha, uso kwenye majani chai. "Nitaenda mimi. Wewe kaa huku, mkwe, na usigeuke."

"Sigeuki, baba," akasema Ombui.